Diski ya terabaiti 3 kuonekana gigabaiti 746: dhana potofu na ukweli

“Windows yako haina pilote (draiva, programu ya kuendesha kifaa) ya diski kubwa.” Hilo ndilo jibu utakalopewa na mafundi wengi wa Lubumbashi ukiwapelekea diski ya terabaiti 3 inayoonekana gigabaiti 746 tu. Unaanza kutafuta draiva mtandaoni, na mara nyingi unachopata ni virusi. Diski za SATA (zinazofungwa ndani ya kompyuta) na za USB huendeshwa na draiva za jumla zilizomo ndani ya mfumo wenyewe, disk.sys kwa Windows na sd kwa Linux, mfumo mwingine wa kompyuta. Aliyetengeneza diski hana draiva ya kukupa.

Tatizo ni hesabu. Diski imegawanywa katika sekta, kila moja na namba yake kama parseli kwenye avenue. Namba ikiandikwa kwa biti 32, na sekta ikiwa ya baiti 512, namba zinaisha kwenye terabaiti 2.2 hivi. Kifaa kisichojua kuhesabu zaidi hurudi sifuri na kuanza upya. Toa 2.2 katika 3, inabaki 0.8, ambayo kwa hesabu ya Windows ndiyo hizo gigabaiti 746. Kwa hiyo usimgombeze muuzaji. Kagua kasha la USB linalobeba diski kama ni la zamani, au draiva ya kidhibiti cha diski kilicho kwenye bodi mama: ile ya Intel Rapid Storage ya kabla ya toleo la 10.1 inajulikana kwa kosa hili. Hapo fundi atakuwa amekaribia ukweli, ila draiva si ya diski.

Wengine husema diski kama hizi zinataka Windows ya biti 64. Si kweli. Windows 7 ya biti 32 husoma na kuandika kwenye diski yenye jedwali la GPT, yaani orodha mpya ya sehemu za diski, bila shida. Isichoweza ni kuanzishwa kutoka humo kompyuta inapowashwa. Windows XP ya biti 32 ndiyo isiyoielewa GPT kabisa. Jedwali la zamani, MBR, ndilo lenye namba za biti 32.

Dhana inayopoteza kazi nyingi zaidi, hasa za wapiga video za harusi, ni hii: diski imetolewa kwenye kasha lake, ikafungwa ndani ya kompyuta, Windows ikaleta dirisha la « initialiser » (kuiandaa kama diski mpya), basi data imekufa. Bonyeza Annuler (ghairi), tafadhali! Makasha mengine huiambia kompyuta kwamba sekta ni za baiti 4096, ili hata XP yenye MBR ifike terabaiti 17. Ukiitoa diski, sekta zinarudi kuwa za 512, na kila namba iliyoandikwa kwenye jedwali inaelekeza mahali pasipo pake. Data ipo palepale. Irudishe kwenye kasha lile, au la modeli ileile, na faili zitaonekana. Kasha likiwa limekufa, Linux inaweza kuisoma kwa amri ya losetup ikiambiwa sekta ni za 4096. Fungua kwa kusoma tu, usiandike kitu. Lakini makasha mengine husimba data (huifunga kwa msimbo wa siri) kwa chipu yao, na hayo hayana njia ya mkato: tafuta bodi ya kasha ya aina ileile.

Kuhusu terabaiti 4 kuonekana 3.63, hakuna aliyekuibia. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows kwa 1024.

Flashi ya “terabaiti 2” inayouzwa kwa dola chache ni kisa kingine kabisa. Chipu yake imefundishwa kusema uongo, na mfumo wowote, hata mpya kiasi gani, utauamini. Faili za mwanzo hukaa vizuri. Zinazofuata hupotea au huandikwa juu ya zile za kwanza. Programu za majaribio, H2testw kwa Windows au f3 kwa Linux, huijaza yote kisha huisoma tena. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, kwa hiyo patana na muuzaji kuhusu kurudisha kabla hujalipa.