Je, wajua kwa nini mwalimu wa mwanafunzi mmoja huona kosa ambalo darasa zima halilioni?

Mpe mtoto hesabu tatu za kutoa: 64 − 31, 52 − 27 na 81 − 46. Anakurudishia majibu 33, 35 na 45. La kwanza ni sahihi, mawili yamekosewa. Mwalimu mwenye rundo la madaftari mezani atampigia vema moja na kosa mbili, ataandika pembeni "Ongeza bidii", kisha atafungua daftari linalofuata.

Bidii mtoto huyu anayo. Anachofuata ni kanuni, tena anaifuata bila kukosea hata mara moja: katika kila safu, toa namba ndogo kwenye namba kubwa. Kwenye 52 − 27 ameona 2 na 7, akatoa 2 kwenye 7, akapata 5. Kisha 5 kutoa 2, akapata 3. Ndiyo hiyo 35 yake. Hajaelewa kwamba mamoja yakiwa hayatoshi, unakopa kumi moja. Na kwa kuwa 64 − 31 haihitaji kukopa, kanuni yake mbovu ilimpa jibu sahihi, naye akazidi kuiamini. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walionyesha kwamba makosa mengi ya watoto katika hesabu za kutoa ni ya namna hii hasa: hayatokani na uzembe, yanafuata utaratibu fulani uliopinda. Kumwongezea mtoto kama huyo maswali ishirini ya mazoezi ni kumsaidia kukariri kosa mara ishirini.

Mwalimu aliyekaa naye peke yake anamwambia neno moja tu: "Hebu nionyeshe ulivyofanya." Baada ya dakika moja, kosa liko wazi mezani. Kwangu mimi, hii ndiyo siri kubwa ya tuisheni ya mtu mmoja mmoja. Somo linapimwa kufuata mahali fikra za mwanafunzi zilipokatikia.

Faida yake ni kubwa kiasi gani? Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa na mwalimu wake binafsi aliwapita wanafunzi 98 kati ya 100 wa darasa la kawaida. Namba hiyo imerudiwa sana, lakini inataka tahadhari, kwa sababu katika tafiti zile wanafunzi hao walipewa pia majaribio ya mara kwa mara, na hawakuruhusiwa kusonga mbele kabla ya kuimudu mada. Mwaka 2011 Kurt VanLehn alikusanya tafiti nyingi za aina hii akapata faida ndogo zaidi: mwanafunzi wa wastani huwapita takriban 78 kati ya 100 wasio na mwalimu binafsi. Hata hivyo, hiyo bado ni faida ya kutosha kubadilisha maisha ya mtoto shuleni.

Sasa tufike kwenye jambo linalopotosha wazazi wengi. Utasikia kwamba mwalimu binafsi hufaa kwa sababu hufuata "mtindo wa kujifunza" wa mwanafunzi: huyu ni wa kuona, yule ni wa kusikia, mwingine ni wa kushika kwa mikono. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwapo wakitafuta kitu kimoja: je, "wa kuona" akifundishwa kwa picha hufaulu kuliko akifundishwa kwa maneno, na "wa kusikia" kinyume chake? Ushahidi wa kutosha haukupatikana. Tafiti chache zilizopima jambo hilo vizuri, kadhaa kati yake zilionyesha kinyume. Watu wana wanachokipenda, ni kweli. Lakini ramani itahitaji macho ya kila mtu, na matamshi ya lugha ngeni yatahitaji masikio ya kila mtu. Mada ndiyo inayochagua njia.

Wala kinachopendeza si lazima kiwe ndicho kinachofundisha. Mwanafunzi atakwambia, "Mimi huelewa nikisoma tena na tena." Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006. Dakika tano baada ya kusoma, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Wiki moja baadaye, waliofunga karatasi na kujaribu kukumbuka wenyewe ndio waliokuwa mbele. Mwalimu mzuri atausikiliza upendeleo wa mwanafunzi wake, kisha atamwambia afunge kitabu.

Kinachobadilika kwa haki kutoka mwanafunzi hadi mwanafunzi ni kiasi cha msaada. David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliandika mwaka 1976 juu ya watoto wa miaka 3 hadi 5 waliosaidiwa kujenga piramidi ya vipande vya mbao. Msaada huo waliuita kwa jina la jukwaa, kama lile wanalosimamia mafundi wa ujenzi. Wood aliendelea nalo na wenzake, wakaona utaratibu unaofaa: mtoto akikwama, ongeza msaada kidogo, akiweza, upunguze mara moja. Mbele ya darasa zima hilo haliwezekani, maana aliyekwama na aliyeweza wako chumba kimoja kwa dakika ileile.

Lengo nalo huamua nini kiachwe. Mwenye mtihani baada ya wiki sita afanye maswali ya mitihani iliyopita, saa ikiwa mezani. Anayetaka lugha ya kuzungumzia na wateja aanze kuzungumza siku ya kwanza, na majedwali ya sarufi yasubiri.

Kwa hiyo mtoto akienda kipindi chake cha kwanza, mfungashie daftari la zamani, lile lenye kosa nyingi. Asichane ukurasa, asifute jibu. Mwalimu atataka kuiona ile 45.