Nambari ya Kisumu na ya Nakuru: dhana potofu kuhusu nambari kubwa

Sensa ya Kenya ya Agosti 2019 ilihesabu watu 1,155,574 katika Kaunti ya Kisumu na 2,162,202 katika Kaunti ya Nakuru. Tumezoea kuzitaja nambari hizi pale tunapobishania mgao wa fedha. Mimi huzipenda kwa hesabu iliyomo ndani yake, kwa sababu zinaumbua dhana ambazo wanafunzi wetu wengi hutoka nazo shuleni.

Dhana: Nambari ikiwa kubwa, basi ina vigawo vingi (nambari zinazoigawanya bila kubakiza).

Nambari ya Nakuru inakaribia kuwa mara mbili ya ile ya Kisumu, ilhali kila moja ina vigawo 16 tu. Ya Kisumu ni 2 × 7 × 59 × 1,399. Ya Nakuru ni 2 × 3 × 7 × 51,481. Sasa chukua 720,720, ambayo ni ndogo kuliko zote mbili: ina vigawo 240! Imeundwa kwa kuzidisha nambari tasa ndogondogo (tasa ni nambari kubwa kuliko 1 inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu): 2 mara nne, 3 mara mbili, kisha 5, 7, 11 na 13.

Dhana: Ikikataa kugawanyika kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13, hiyo ni tasa.

Hili ndilo linalowaponza wengi, hata wale hodari. Gawanya nambari ya Kisumu kwa 14, utapata 82,541. Inaishia na 1. Ijaribu kwa kila tasa kuanzia 2 hadi 53, itabakiza. Anayechoka hapo ataandika kwamba ni tasa, kumbe tasa inayofuata ni 59, na 59 × 1,399 ni 82,541 kamili.

Wapo pia wanaodhani kwamba ili kuthibitisha 51,481 ya Nakuru ni tasa, sharti uijaribu kwa kila nambari hadi 51,480. La hasha. Kipeuo chake cha pili hakifiki 227. Kama ingekuwa zao la nambari mbili, ndogo kati ya hizo isingepita hapo. Kwa hiyo tasa 48 za kwanza, kuanzia 2 hadi 223, zinatosha. Zote hubakiza, hivyo 51,481 ni tasa bila shaka yoyote. Ningependa kila mwanafunzi aifanye kazi hii kwa kalamu, bila kikokotoo, aone uthibitisho ukikamilika mikononi mwake.

Dhana: Nambari zinazofuatana zina tabia zinazokaribiana.

Angeongezwa mtu mmoja tu Kisumu, tungepata 1,155,575, yaani 5 × 5 × 17 × 2,719. Vigawo vyote vya awali vimetoweka, isipokuwa 1. Ndivyo ilivyo kwa nambari zozote mbili zinazofuatana.

Dhana: Tasa huisha mahali fulani.

Haziishi. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alilithibitisha hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita: zidisha tasa zote ulizo nazo, ongeza 1, na jibu litakuwa na kigawo tasa ambacho hukuwa nacho. Wengine hudhani jibu lenyewe ndilo tasa. Si lazima. Zidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13, kisha ongeza 1: unapata 30,031, ambayo ni 59 × 509. Tasa kubwa iliyotangazwa Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320, na bado zipo kubwa kuliko hiyo, bila kikomo.