Nyumbani chiriku, shuleni kimya: maswali kuhusu ukimya teule

Shikamoo ndiyo inayowaponza watoto hawa. Mtoto wa miaka mitano anafika darasani hapa Moshi, wenzake wanamwamkia mwalimu, yeye anakaza shingo na kutazama viatu. Wiki ya kwanza anaitwa mwenye haya. Ikifika Machi ameshakuwa jeuri, na bibi yake anasemwa kwamba hakumfunza adabu.

Mjukuu wangu nyumbani anaongea mpaka namnyamazisha, shuleni hajatoa neno tangu Januari. Si kiburi hiki?

Sidhani, bibi. Huenda ni ukimya teule: mtoto anayejua kuongea anashindwa kabisa kuongea mahali fulani au mbele ya watu fulani. Jina lenyewe linapotosha, maana hakuna anachoteua. Hata wataalamu walikosea hapo. Mwaka 1877 daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, aliipa hali hii jina lenye maana ya kupoteza usemi kwa hiari. Leo mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5 wa mwaka 2013, unaiweka kwenye matatizo ya hofu na wasiwasi. Neno analo, ila hofu inalizuia lisitoke, na ukimkazania ndipo anapozidi kuganda.

Kuna kipimo cha damu?

Hakuna. Kipimo ni kuuliza na kutazama. Daktari anataka kujua kama ukimya umedumu mwezi mmoja au zaidi (ule wa kwanza wa kuanza shule hauhesabiwi), kama kwingine anaongea, kama unamkwamisha masomo au urafiki, na kama hakuna sababu nyingine inayoueleza vizuri zaidi.

Kasheshe ni kwamba mbele ya daktari ndiyo kwanza hatafungua mdomo. Atajificha nyuma ya kanga ya mama, labda anong'one sikioni mwake. Kwa hiyo njoo na simu. Mrekodi akiwa kwenye shughuli zake, usimsimamishe kama anapigwa picha ya kipaimara. Dakika mbili za kugombana na kaka yake huku mnamenya ndizi za mtori zinamwambia daktari mengi kuliko nusu saa ya "unaitwa nani?". Humo atasikia urefu wa sentensi, matamshi, na kigugumizi kama kipo.

Andika pia anaongea na nani, wapi, na kwa sauti gani. Kwa shangazi anaongea, akiingia jirani ananyamaza? Dukani anaonyesha kidole? Mwalimu naye aulizwe: mtoto anatikisa kichwa, anaandika, anacheza na wenzake? Na chooni anaombaje kwenda? Wengine hujikojolea darasani kwa kushindwa kusema "naomba ruhusa", halafu wanachapwa kwa hilo.

Wetu alikulia Marangu akisema Kichaga tu, sasa yuko shule ya Kiingereza. Si lugha tu?

Inawezekana. Mtoto anayeingia lugha mpya anaweza kukaa kimya wiki au miezi akisikiliza, na hapo hana ugonjwa. Mtazame wakati wa mapumziko. Akikutana na binamu yake anayejua Kichaga, wanapiga soga? Kama hata kwa huyo hatoi sauti, na lugha mpya ameshaanza kuielewa, usiendelee kusubiri. Watoto wanaoishi na lugha mbili wamo kwa wingi kati ya wenye ukimya teule, kwa hiyo jibu la "ni lugha tu" limewachelewesha wengi.

Tumeambiwa ni usonji. Mwingine kasema kiziwi.

Masikio yapimwe kwanza, hilo halina mjadala. Anzia kituo cha afya, uombe rufaa. KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, wana idara ya masikio, pua na koo.

Usonji hauishii getini kwa shule. Hata nyumbani utaona ugumu wa mazungumzo ya kupokezana, kurudiarudia vitendo, au kuvurugika sana ratiba ikibadilika. Ila mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na hapo ndipo watu hubishana bure wakitaka jina moja. Wengi wenye ukimya teule wana pia hofu ya kutazamwa na watu, na wapo waliochelewa kuongea au wanaoonea aibu matamshi yao. Kila tatizo linahitaji msaada wake.

Aliyekuwa akiongea kote kisha akanyamaza ghafla, hata kwa mama yake, ni habari tofauti. Huyo apelekwe hospitali leo. Pengine kuna ugonjwa, au jambo limempata.

Tumkate kimeo? Au udata, ule utando unaofunga ulimi?

Hapana. Ulimi unaogombania chapati nyumbani haujafungwa.

Mwalimu afanye nini wakati tunasubiri miadi?

Amruhusu kuitikia kwa mkono. Asimwambie "leo lazima useme", na wenzake wasimcheke wala kumsemea kila kitu. Mama akiweza, aje darasani wenzake wakishaondoka, acheze naye hadi aongee. Mwalimu awe mlangoni kwanza, siku nyingine dirishani, siku nyingine asogeze kiti. Inachukua wiki nyingi. Na asubuhi atakayonong'ona "nipo", mwalimu asipige makofi. Aweke alama kwenye daftari la mahudhurio, asome jina linalofuata.