Hakimu "kumwonea" mshtakiwa: utovu wa maadili ni upi, na ukali wa adhabu ni upi?

"Kamwonea." Ndilo neno utakalolisikia nje ya mahakama za Uganda, iwe Busia, Arua au Kampala, popote ndugu wa mshtakiwa wanapozungumza Kiswahili. Kijana wao katoka kizimbani na miaka kumi, gari la magereza linangoja, mama kajifunga leso kichwani na hana nguvu za kusimama. Hakimu kamwonea mwanangu. Uchungu ule hauna ubishi. Shida ni kwamba neno hilo moja limebeba mambo matatu: adhabu kali, adhabu yenye kosa la kisheria, na hakimu aliyekiuka maadili. Kila moja lina mlango wake wa kubisha, na anayekosea mlango hupoteza muda ambao hataupata tena.

Adhabu kali peke yake si utovu wa maadili. Sheria imempa hakimu nafasi ya kupima. Miongozo ya adhabu ya mwaka 2013, kwa mfano, inaanzia miaka 35 kwa kosa la mauaji, kisha jaji hupanda au kushuka kulingana na aliyoyasikia. Na lazima asikie kweli. Zamani aliyetiwa hatiani kwa mauaji hakuwa na la kujitetea, kwa kuwa sheria ilikwisha kuamua kwamba atanyongwa. Tarehe 21 Januari 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, Mahakama ya Juu ilisema kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo bila kupima ni kinyume cha Katiba. Tangu hapo kikao cha adhabu kimekuwa mahali ambapo maisha ya mtu yanaamuliwa kwa maneno yanayosemwa humo.

Sasa, utovu wa maadili ni nini? Ni mwenendo wa hakimu mwenyewe. Kanuni za maadili ya mahakimu na majaji wa Uganda zinawadai uhuru, kutopendelea, uadilifu, staha, usawa, umahiri na bidii. Hakimu anayepokea bahasha amezivunja. Amezivunja pia anayemwita mwendesha mashtaka ofisini wajadili kifungo mshtakiwa na wakili wake wasijue, anayemdhihaki mtu kwa kabila lake au kwa sababu ni mkimbizi kutoka Kongo, na anayejua kwamba mlalamikaji ni shemeji yake lakini asijitoe kwenye kesi. Kipimo cha upendeleo hakingoji mtu athibitishe yaliyo moyoni mwa hakimu. Huulizwa hivi: mtu wa kawaida mwenye akili timamu, akiyajua mambo yote ya kesi, angekuwa na sababu ya kuhofia kwamba hakimu huyu ameegemea upande?

Kwenye makubaliano ya kukiri kosa, yaani mshtakiwa anapokubali kukiri ili apate nafuu, kanuni za mwaka 2016 zimeliona hilo mapema. Hakimu aliyeshiriki mazungumzo yakavunjika hapaswi kuisikiliza kesi hiyohiyo, maana masikio yake yameshasikia mtu akielekea kukiri.

Lakini uonevu mwingi niliouona kwa macho yangu hauna bahasha wala matusi. Nakumbuka asubuhi moja katika mahakama ya mji wa mpakani. Kijana ametiwa hatiani kwa wizi. Hakimu akauliza kwa Kiingereza kama ana la kusema kabla ya adhabu. Karani aliyekuwa akitafsiri akamgeukia na kumwambia, "Omba msamaha." Basi. Kijana akasema, "Naomba msamaha, Mheshimiwa," na kalamu ikaanza kuandika. Hakuna aliyemweleza kwamba huo ndio wakati wa kusema ana miaka mingapi, kama ni kosa lake la kwanza, nani wanamtegemea, anaumwa nini, amekaa rumande muda gani. Hakimu yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafaili mengi mezani, na swali lake lilipotea njiani kati ya lugha mbili.

Hapo Katiba ina neno. Ibara ya 28 inampa kila mshtakiwa haki ya kusikilizwa kwa usawa, hadharani, mbele ya mahakama huru isiyopendelea, na inampa mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya mahakama. Mkalimani anayefupisha maneno anaipunguza haki hiyo. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, ila mahakama zinaendeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo msemaji wa Kiswahili asione haya kusema, "Sijaelewa, naomba nifafanuliwe."

Kosa la kisheria ninaloomba kila familia ilikague ni la siku za rumande. Ibara ya 23(8) inataka muda huo uzingatiwe katika kifungo, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba kuzingatia ni kutoa kwa hesabu, si kutamka tu. Hakimu akiona kifungo kinachofaa ni miaka 10, na mtu amekaa rumande miaka 2 na miezi 4, atakachotumikia ni miaka 7 na miezi 8. Mjue siku aliyokamatwa, iandikeni, mpeni wakili kabla ya kikao.

Milango sasa. Kama adhabu imezidi mno, au hesabu haikufanywa, au utetezi haukusikilizwa, hiyo ni rufaa, na taarifa yake hutolewa ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Kama hakimu alikula rushwa, alitukana au aliegemea upande, hayo ni malalamiko kwa Tume ya Utumishi wa Mahakama. Tume inaweza kumwadhibu hakimu, hata kumfukuza kazi. Kwa jaji njia ni ndefu zaidi, kwa sababu haondolewi mpaka jopo maalumu limchunguze. Kumshtaki yeyote kati yao kwa uamuzi alioutoa haiwezekani. Katiba inamkinga ili aamue bila hofu, na mimi naona kinga hiyo ni ya haki.

Tume haigusi kifungo. Hakimu akifukuzwa leo, kijana atabaki gerezani Luzira mpaka mahakama ya juu yake iseme vingine. Upendeleo unaweza kuwa sababu ya rufaa pia, kwa hiyo milango yote miwili inaweza kubishwa pamoja, lakini ni ule wa rufaa unaofungwa baada ya siku 14. Na aliye gerezani bila wakili si lazima asubiri ndugu zake: taarifa ya rufaa anaweza kumkabidhi mkuu wa gereza, naye anatakiwa kuipeleka mahakamani.