Hela ya mradi si akiba ya shirika

Dhana: “Shirika lisilo la faida halitakiwi kubakiwa na hela.”

Nimeisikia Mbeya, nimeisikia Njombe, tena kwa wajumbe wa bodi. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya 2002, baada ya marekebisho ya 2019, inazungumzia kutogawana faida. Kubakiza si kugawana. Kule Ismani, ambako mvua haiaminiki, hakuna anayemwita mchoyo mtu mwenye mahindi kihengeni mwezi Machi.

Dhana: “Akaunti ina milioni 48, tuko salama.”

Hii ndiyo inayoumiza mashirika madogo kuliko zote. Tuseme milioni 42 kati ya hizo ni za mradi, na mkataba umeshazipangia kazi. Hayo ni mahindi ya jirani kwenye kihenge chako: kimejaa, lakini huwezi kuyapeleka mashineni. Za shirika ni milioni 6. Kama mishahara, pango, umeme na mlinzi vinakula milioni 3 kwa mwezi, mna miezi miwili, si kumi na sita. Ndiyo maana namsihi kila mweka hazina alete kikaoni safu mbili, za mradi na zetu, tena za miaka mitatu au minne mfululizo. Salio la Desemba moja linaweza kunona kwa sababu tu awamu ya mfadhili imeingia juzi.

Dhana: “Mfadhili wetu ni mkubwa, hawezi kuondoka.”

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 Njombe na 11.1 Iringa, na Marekani ilikuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa mapambano hayo nchini. Mgonjwa hasubiri mfadhili mpya apatikane.

Dhana: “Akiba haiozi.”

Ya shilingi huoza polepole, bei zikipanda na makato ya benki yakiendelea. Dhamana za serikali za siku 91 au 182, yaani kuikopesha serikali kwa muda mfupi, zinafaa kwa sehemu yake. Hati fungani ya miaka 20, mkopo wa muda mrefu kwa serikali hiyo hiyo, si mahali pa kuweka mshahara wa miezi mitatu ijayo.

Na akiba hiyo itoke wapi? Ada za wanachama, kodi ya ukumbi, miti michache ya parachichi. Bodi iandike kwenye muhtasari kiwango inachokitaka na nani ataidhinisha kuigusa. Kwa shirika lisilo na kitu, kuanzia na akiba ya gharama za mwezi mmoja kunatosha.