Ligi Funge: Maana Yake na Wanaoilipia

Ligi funge ni ligi ya michezo ambayo timu zake huamuliwa na wamiliki wenyewe, wala si na matokeo ya uwanjani. Timu inayoburuza mkia haishuki daraja, na timu inayotamba katika ligi ya chini haipandi. Anayetaka kuingia hununua nafasi kwa waliomo, nao wanaweza kumkatalia. Kinyume chake ni ligi wazi, ile tuliyoizoea Tanzania, Kenya na karibu kila mahali duniani soka linapochezwa, ambako kila msimu timu za mkiani huteremka na nafasi zao kuchukuliwa na zilizofanya vizuri chini.

Tofauti hiyo inaweza kuonekana kuwa ni suala la kanuni tu, lakini kwa maoni yangu inaeleza kuliko jambo lingine lolote kwa nini baadhi ya ligi za kulipwa huendelea kuingiza fedha huku mashabiki wakiumizwa na wachezaji wakibanwa. Katika ligi wazi mmiliki mzembe anangojewa na adhabu ambayo hawezi kuinunua wala kuijadili mezani: kushuka daraja, pamoja na kuporomoka kwa mapato ya televisheni, udhamini na viingilio. Mashabiki wa Tanzania waliofuatilia Aston Villa ya Mbwana Samatta msimu wa 2019/20, ambayo ilinusurika siku ya mwisho kwa tofauti ya pointi moja, wanajua jinsi hofu hiyo inavyomtikisa kila mtu klabuni, kuanzia mwenye hisa hadi mfua jezi. Ligi funge imeiondoa hofu hiyo. Mmiliki akibana matumizi, akauza nyota wake wote na kufungwa mwaka mzima, msimu ujao bado yumo, na mgawo wake wa haki za matangazo haupotei.

Mfumo huu ulikomalia Marekani. Ligi ya besiboli iitwayo National League ilipoanzishwa mwaka 1876, waanzilishi wake walikubaliana kuhusu nani awe mwanachama na nani asiwe, na ligi kubwa zilizofuata, zikiwamo NFL ya futiboli ya Kimarekani, NBA ya mpira wa kikapu, NHL ya hoki ya barafuni na hata ile ya soka, MLS, zilishika njia hiyohiyo. Sheria nayo iliwabeba. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba besiboli haibanwi na sheria za kuzuia ukiritimba, na mwaka 1961 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyoziruhusu ligi kuuza haki za televisheni za timu zote kwa pamoja, kama bidhaa moja ya muuzaji mmoja.

Faida kubwa ya mlango uliofungwa ni uhaba. NFL ina timu 32, NBA 30 na ligi kuu ya besiboli 30, ilhali miji inayotamani kuwa na timu ni mingi kuliko nafasi zilizopo. Uhaba huo hupandisha thamani ya kila nafasi bila kujali timu inacheza vipi: mwaka 2023 ilitangazwa kwamba waliopewa nafasi mpya ya MLS jijini San Diego wangelipa ada ya dola milioni 500 kwa haki ya kuingia tu, kabla ya kusajili mchezaji hata mmoja. Uhaba huohuo humpa mmiliki silaha dhidi ya mji wake mwenyewe. Akitaka uwanja mpya uliojengwa kwa kodi za wananchi, anachohitaji ni kutaja jina la mji mwingine usio na timu.

Mji wa Oakland, California, umeyaonja hayo mara tatu katika miaka mitano. Warriors wa NBA walivuka ghuba kwenda San Francisco mwaka 2019. Raiders wa NFL walihamia Las Vegas mwaka 2020, baada ya jimbo la Nevada kukubali kuchangia dola milioni 750 za uwanja kutoka kwenye kodi ya vyumba vya hoteli. Ikabaki timu ya besiboli, Athletics, iliyokuwa Oakland tangu 1968 na iliyotwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1972 hadi 1974. Kwa miaka kadhaa mmiliki wake, John Fisher, alikuwa na orodha ya mishahara iliyo miongoni mwa ndogo kabisa katika ligi, wachezaji bora waliuzwa, na msimu wa 2023 timu ilipoteza mechi 112 kati ya 162. Katika ligi wazi, rekodi ya namna hiyo ingeizamisha. Hapa ilitokea kinyume: Nevada iliidhinisha hadi dola milioni 380 za umma kwa ajili ya uwanja wa timu hiyo, na Novemba 2023 wamiliki wa timu zote 30 wakapiga kura ya kuiruhusu ihame bila hata mmoja kupinga.

Mashabiki hawakukaa kimya. Sababu iliyokuwa ikitolewa mara kwa mara ni kwamba hawaji uwanjani, basi tarehe 13 Juni 2023 walipanga kuujaza uwanja kwa makusudi. Walifika zaidi ya 27,000, wengi wakiwa na fulana zenye neno moja la kumtaka mmiliki auze timu, na Athletics wakashinda mechi hiyo dhidi ya Tampa Bay, ukiwa ushindi wao wa saba mfululizo. Mchezo wa mwisho Oakland ulichezwa Septemba 2024. Kwa kuwa uwanja wa Las Vegas ulikuwa bado haujajengwa, timu ilikwenda kwanza West Sacramento, kwenye uwanja mdogo wa ligi ya chini unaochukua watu wapatao 14,000. Yaani timu iliyokimbia kwa hoja ya uchache wa watazamaji iliona bora ikacheze mahali ambapo watazamaji wengi hawangeweza kuingia hata wangetaka.

Upande wa wachezaji, mambo ni magumu kuyahukumu kwa neno moja. Nyota wa NBA ni matajiri wa kupindukia, na kwa mkataba wa chama chao wachezaji hupata karibu nusu ya mapato ya mchezo, kiwango ambacho wafanyakazi wa sekta nyingi wangekililia. Hata hivyo kila haki waliyonayo waliinyakua kwa vita, kwa sababu ligi isiyo na mshindani ni mwajiri asiye na mshindani. Kwa miongo mingi mikataba ya besiboli ilikuwa na kipengele kilichomfunga mchezaji kwa timu yake hata muda wa mkataba ulipokwisha. Curt Flood wa St. Louis Cardinals alipouzwa Philadelphia mwaka 1969 alikataa kwenda, akaishtaki ligi, na mwaka 1972 akashindwa Mahakama ya Juu kwa kura tano dhidi ya tatu. Kipengele hicho kilivunjwa mwishoni mwa 1975 na msuluhishi wa migogoro ya kazi, wakati ambapo Flood alikwisha kuacha kucheza.

Kilichobaki hadi leo ni utaratibu wa kugawana vijana. Kila mwaka timu hupokezana kuchagua wachezaji chipukizi, na kijana aliyechaguliwa hujadiliana na timu hiyo peke yake, hata kama ni ya mwisho ambayo angeitaka. Kwa kuwa timu dhaifu hupewa nafasi nzuri zaidi ya kuchagua mapema, kufungwa kunakuwa na malipo. Philadelphia 76ers waliishi kwa hesabu hiyo bila kuficha sana, na msimu wa 2015/16 walishinda mechi 10 tu kati ya 82. Waliokata tiketi walilipia timu ambayo uongozi wake haukuona dharura yoyote ya kushinda.

Ngazi za chini huumia zaidi. Ligi ndogo za besiboli si klabu huru zenye ndoto ya kupanda, bali ni vituo vya kukuzia wachezaji vinavyotegemea mikataba na timu kubwa. Ligi kuu ilipoamua kupunguza gharama, kuanzia msimu wa 2021 timu zenye uhusiano nayo zilipunguzwa kutoka 160 hadi 120, na miji midogo iliyokuwa na timu kwa vizazi ikapoteza nafasi yake kwa barua.

Ulaya ilijaribu kuuagiza mfumo huu usiku wa Jumapili, tarehe 18 Aprili 2021. Klabu 12, sita za Uingereza, tatu za Hispania na tatu za Italia, zilitangaza Ligi Kuu mpya ya Ulaya yenye timu 20, ambamo waanzilishi 15 wasingeshuka kamwe, huku benki ya JP Morgan ikiwa tayari kutoa fedha na waanzilishi wakiahidiwa euro bilioni 3.5 za kugawana. Mashabiki wa Chelsea waliziba njia ya basi la timu yao nje ya Stamford Bridge, na ndani ya saa 48 klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimejitoa. Walichokuwa wakikitetea kinaonekana katika historia ya Leicester City: mwaka 2009 ilikuwa daraja la tatu, mwaka 2016 ikawa bingwa wa Uingereza, na mwaka 2023 ikashuka tena. Safari ya kwenda juu na ile ya kurudi chini zilipitia mlango uleule.

Afrika ililionja wazo hilo kwa kiasi. African Football League ilifunguliwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, tarehe 20 Oktoba 2023, kwa sare ya mabao 2-2 kati ya Simba na Al Ahly, ikiwa na timu nane zilizoalikwa. Simba walikuwa na hoja nzito, kwa kuwa walikwisha kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mara kadhaa. Lakini bingwa wa Tanzania wakati huo alikuwa Yanga, ambao miezi michache kabla walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na hawakuwamo. Utani wa watani wa jadi uliifunika hoja, nayo ni hoja ya msingi: mwaliko ulipita juu ya msimamo wa ligi.

Isieleweke kwamba ligi wazi ni malaika. Premier League yenyewe ilizaliwa mwaka 1992 kwa sababu klabu kubwa za Uingereza zilitaka kuuza haki zao za televisheni bila kugawana na madaraja ya chini, na tangu hapo saa za mechi hupangwa kwa ajili ya mtazamaji wa mbali kuliko msafiri wa treni. Ligi ya Mabingwa Ulaya iliongezwa mechi mwaka 2024, na FIFA ikaleta Kombe la Dunia la Klabu lenye timu 32 katika kiangazi cha 2025, jambo lililoufanya muungano wa wachezaji, FIFPRO, upeleke malalamiko kwa Tume ya Ulaya. Mlango wa kushuka hauzuii tamaa ya namna hiyo; unazuia tu wachache kujihakikishia kwamba hawatalipia makosa yao.

Wengi huamini kwamba dawa ni klabu kumilikiwa na wanachama. Nchini Tanzania, mfumo wa hisa katika klabu za wanachama uliwekewa sharti kwamba wanachama wabaki na asilimia 51, na Ujerumani ina kanuni inayofanana na hiyo tangu 1998. NFL, kwa upande wake, ina klabu moja tu inayomilikiwa na wananchi wenye hisa, Green Bay Packers, na kanuni zake haziruhusu nyingine. Lakini Real Madrid na Barcelona ni klabu za wanachama, na ndizo zilizoishikilia ile ligi ya Ulaya hata baada ya wengi kuikimbia, wakati Bayern Munich na Borussia Dortmund zilikataa kuingia tangu mwanzo. Kura ya mwanachama hufanya kazi pale tu inapotumika. Wajerumani waliitumia, na kelele juu yake: ligi yao ilipopitisha Desemba 2023 mpango wa kumuuzia mwekezaji sehemu ya mapato ya matangazo kwa miaka 20, mashabiki walirusha mipira ya tenisi uwanjani na kusimamisha mechi wiki baada ya wiki, na Februari 2024 mpango huo ukaondolewa mezani.