Rekodi na riplei kwenye emuleta ni kitu gani hasa

Kuna bagi ambazo ukizitafuta tu zinajificha, kenel (kiini cha mfumo endeshi) inakufa mara moja kwa wiki, ukiiwasha tena na dibaga (programu ya kusaka bagi) pembeni inakimbia safi kabisa, ukiongeza printi mbili tatu ndo kwanza haitokei tena. Mara nyingi ishu ni muda, yaani intarapti (ishara ya kifaa inayokatiza prosesa) iliingia sekunde mbaya au pakiti ya netiweki ikatangulia nyingine, na ukiwasha upya mambo hayajipangi vile vile. Hapo ndo rekodi na riplei inapoingia: unarekodi mashine pepe nzima, yaani kompyuta inayoigizwa na programu iitwayo emuleta, ikiwa inakimbia, halafu unaicheza tena hata mara mia na bagi inatokea pale pale kwenye instraksheni (amri moja ya prosesa) ile ile.

Wengi wakisikia neno rekodi wanadhani emuleta inaandika kila instraksheni na kila baiti ya memori. Hapana bwana, diski ingejaa kabla hata Linux haijamaliza kuwaka. Ujanja ni kwamba prosesa haina hiari, ukiipa memori ile ile na rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) zile zile na kodi ile ile itatoa jibu lile lile leo na mwakani, so hakuna haja ya kuandika kitu ambacho itakikokotoa yenyewe tena. Kinachoandikwa kwenye logi ni vile vitu vinavyotoka nje tu: kibodi na mausi, pakiti za netiweki zinazoingia, usomaji wa saa ya kompyuta yako halisi, na ni wakati gani kazi ya diski ilimalizika.

Sasa "wakati gani" ndo roho ya hii kitu yote. Huwezi kuandika kwamba kitufe kilibonyezwa sekunde ya 12, maana kesho kompyuta yako itakuwa bize na sekunde ya 12 itakuta programu iko sehemu nyingine kabisa. Kwenye emuleta inayoitwa QEMU wanahesabu instraksheni, hii wanaiita icount, na hata saa ya ndani ya mashine pepe inatembea kwa hesabu hiyo hiyo badala ya saa ya ukutani. Kwa hiyo logi inasema baada ya instraksheni kadhaa letea intarapti hii, na siku ya riplei emuleta inakimbia mpaka idadi hiyo kamili, inasimama, inaingiza tukio, inaendelea. Hapo kibodi yako halisi haisikilizwi hata ukiigonga, na pakiti zinazotoka haziendi popote.

Kuianzisha unaongeza -icount shift=auto,rr=record,rrfile=logi.bin kwenye komandi ya QEMU, na kurudia unabadilisha record kuwa replay. Diski inapitishwa kwenye draiva inaitwa blkreplay na netiweki kwenye filter-replay. Data ya diski yenyewe haiandikwi kwenye logi, so lazima uanze na imeji (faili la diski pepe) ile ile bila kuguswa, hapa watu wengi wanaumia, wameacha mashine iandike kwenye imeji halafu wanashangaa riplei inagoma katikati.

Utamu sasa ni kurudi nyuma. Tuseme pointa fulani (namba inayoonyesha anwani kwenye memori) imekuta namba ya ajabu na kenel ikaanguka, unajua memori imeharibiwa ila hujui na nani, na aliyeharibu alishapita zamani. Kwenye riplei unaunganisha dibaga ya GDB, unaweka wochipointi (alama ya kusimamisha pale memori hiyo inapoguswa) kwenye ile anwani, unaandika reverse-continue na inakupeleka kwenye instraksheni ya mwisho iliyoandika pale. Bila hii ungekaa unakisia. Usidhani prosesa inakimbia kinyumenyume lakini, QEMU inarudi kwenye snapshoti (nakala ya hali nzima ya mashine) ya kabla, inakimbia mbele ikiangalia wochipointi iliguswa wapi mara ya mwisho, inarudi tena kwenye snapshoti na kusimama pale. Ndo maana bila snapshoti hata moja hakuna kurudi nyuma.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ReVirt, lengo likiwa kuchunguza jinsi mdukuzi alivyoingia kwenye mfumo, sio bagi za kawaida. VMware Workstation, programu ya mashine pepe, nayo iliwahi kuwa nayo halafu wakaiondoa. Leo kuna PANDA, imejengwa juu ya QEMU, na watu wa kuchambua malwea (programu hasidi) wanaipenda kwa sababu unarekodi mara moja halafu uchambuzi mzito unaufanya kwenye riplei, malwea haiwezi kushtukia kwamba muda umepungua kasi.

Gharama ipo. QEMU inafanya hivi kwa TCG tu, yaani kutafsiri instraksheni kwa programu, KVM (njia ya kukimbiza instraksheni moja kwa moja kwenye prosesa halisi) haihusiki, kwa hiyo ni slo. Pia prosesa zote pepe zinapokezana kwenye thredi moja, so bagi inayohitaji kori mbili halisi zigongane kwenye memori kwa wakati mmoja inaweza isitokee kabisa wakati wa kurekodi, na kisichorekodiwa hakirudiwi. Na ukibadilisha kodi ya ndani ya mashine pepe hata mstari mmoja, logi ya zamani haina kazi tena, maana hesabu ya instraksheni imehama. Printi zako ziweke nje, kwenye GDB.